Kabla Kilebu Hajavuka Kizingiti: Namna ya Kuiandaa Nyumba ya Nairobi

Watu wengi wanaochukua mtoto wa mbwa hununua kwanza bakuli, ukanda wa shingo na chakula, kisha huenda kumchukua; kazi ya kuikagua nyumba huahirishwa mpaka mnyama mwenyewe aibuke chini ya kochi akiwa na kitu mdomoni. Napendekeza utaratibu huo ugeuzwe. Nyumba ikaguliwe siku tatu au nne kabla ya kilebu kuwasili, chumba baada ya chumba, na anayekagua awe amepiga magoti. Ukisimama utaona meza, pazia na televisheni. Ukilala kifudifudi na kumulika tochi ya simu chini ya kabati, utaona sindano iliyoanguka mwaka jana, kifuniko cha kalamu, kidonge kilichomponyoka mgonjwa, waya unaoning'inia, na ule upenyo ulio kati ya friji na ukuta ambao hakuna mtu aliyeufagia tangu mlipohamia.

Nayasema haya kwa uchungu. Kilebu wangu wa kwanza, Tausi, niliyemleta katika nyumba ya kupanga huko Kasarani akiwa na wiki tisa, alikaa nasi siku sita tu. Siku ya pili alijipenyeza nyuma ya friji, akatoka akijilamba midomo, nami nikadhani amepata makombo ya mkate. Siku ya tano alikataa kula. Nilipomfunua mdomo, fizi zake zilizokuwa na rangi ya waridi zilikuwa nyeupe kama karatasi, na alipokohoa aliacha tone la damu juu ya blanketi. Tulisogeza friji baada ya kumzika, tukakuta kisahani chenye chembe za kijani zilizochanganywa na omena, kilichotegwa na watu walioishi humo kabla yetu.

Sumu ya panya

Katika mji huu sumu ya panya ndiyo ninayoitanguliza mbele ya hatari nyingine zote, kwa sababu inauzwa kila mahali, inategwa na watu wengi wasiowasiliana, na hutengenezwa au huchanganywa na vitu vinavyonukia vizuri. Yapo makundi mawili ambayo mwenye mbwa anapaswa kuyatofautisha. Kundi la kwanza ni zile chembe na vipande vya rangi, aghalabu kijani, buluu au pinki, vinavyozuia damu kuganda. Hizi hudanganya, kwani mnyama hucheza na kula kama kawaida kwa siku mbili, tatu, hata tano, kisha huanza kuvuja damu ndani kwa ndani. Akifikishwa kwa daktari mara tu baada ya kuila, kabla ya dalili yoyote, matibabu ya vitamini K1 humwokoa. Kundi la pili ni sumu kali za mishipa ya fahamu, nyingi zikiwa viuatilifu vya shambani vinavyofungwa upya katika vipakiti na vichupa visivyo na maelezo na kuuzwa barabarani. Hizo hufanya kazi kwa dakika au saa chache: mate hutiririka, misuli hutetemeka, mnyama huharisha na kuanguka.

Ikiwa unaishi katika ploti au jengo la ghorofa, kuondoa sumu ndani ya nyumba yako pekee hakutoshi. Zungumza na mtunza ploti, umuulize waziwazi ni wapi sumu imewahi kutegwa: nyuma ya matangi ya maji, chini ya ngazi, kwenye chumba cha mita za umeme, mahali pa kuwekea taka. Wabishie hodi majirani wa mlango wa pili na wa chini yako, uwaeleze kwamba unaleta mtoto wa mbwa, na uwaombe wakujulishe kabla ya kutega. Nimefanya hivyo mara tatu katika nyumba tatu, na sijawahi kukataliwa. Panya wenyewe washughulikiwe kwa kuziba matundu yao kwa saruji iliyosindiliwa na nyuzi za chuma za kusugulia sufuria, na kwa mtego wa kubana uliowekwa ndani ya sanduku lenye tundu dogo ambalo pua ya kilebu haipiti. Gundi ya panya nayo usiiweke sakafuni. Ikimnasa kilebu, ilainishe kwa mafuta ya kupikia taratibu, kisha umwoshe kwa sabuni, wala usimvute.

Jikoni

Kilebu huyachunguza mambo kwa mdomo, kama mtoto mchanga, na ana sababu ya ziada ya kutafuna. Meno yake 28 ya utotoni huanza kung'oka akiwa na umri wa miezi mitatu hadi minne na kupisha meno 42 ya ukubwani, na fizi humwasha mpaka anapokaribia miezi saba. Kwa hiyo jambo la kwanza jikoni ni ndoo ya taka yenye kifuniko kinachojifunga, au, kama huna, ndoo iliyowekwa juu mahali asipofika. Mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa ilipigwa marufuku nchini mwaka 2017, lakini pakiti za maziwa bado zimo katika kila jikoni, na hakuna kitu kinachomvutia kilebu kama pakiti tupu yenye tone la maziwa pembeni. Huilamba, huitafuna, huimeza, na plastiki hiyo huziba utumbo. Zioshe pakiti kabla ya kuzitupa. Karatasi iliyofungia nyama kutoka buchani ichukuliwe vivyo hivyo.

Gunzi la mahindi lastahili kutajwa peke yake. Nairobi tunakula mahindi ya kuchoma barabarani na ya kuchemsha nyumbani, na magunzi huachwa popote, hata watoto humpa mbwa ili achezee. Gunzi haliyeyuki tumboni. Kipande kikimezwa hukaa kwenye utumbo mwembamba kama kizibo, na mara nyingi hutolewa kwa upasuaji tu. Mbegu ya parachichi, kubwa na yenye utelezi, huleta madhara yale yale, nayo katika nyumba zenye miti ya maparachichi huanguka yenyewe uani. Mifupa ya kuku iliyopikwa huvunjika ikawa vijiti vyenye ncha na kuchoma koo au utumbo.

Vipo pia vyakula vyetu ambavyo kwa mbwa ni sumu hata vikiwa vibichi na safi. Vitunguu maji na vitunguu saumu, pamoja na mchuzi uliokaangiwa humo, huharibu chembe nyekundu za damu. Chokoleti na kahawa husumbua moyo, zabibu mbichi au kavu huweza kuua figo, na makadamia, ambayo sasa inapatikana katika maduka mengi, humfanya mbwa alegee miguu ya nyuma na kutetemeka. Kiungo cha utamu kiitwacho zailitoli, kilichomo katika baadhi ya pipi na chingamu zisizo na sukari, hushusha sukari ya damu kwa kasi ya kutisha. Unga wa mandazi uliotiwa hamira na kuachwa uumuke juu ya kiti utaendelea kuumuka ndani ya tumbo la kilebu, huku ukitoa pombe.

Angalia pia mpira wa gesi. Katika nyumba nyingi mtungi umesimama sakafuni kando ya meko, na mpira wake umejikunja katika kimo kile kile cha mdomo wa kilebu. Ukitobolewa kwa jino, gesi itavuja usiku kucha bila mtu kujua. Mtungi ufungiwe ndani ya kabati, au uwekewe kibao mbele yake. Anayetumia jiko la makaa aliweke juu ya jukwaa imara na asilizungushie kamba wala kitambaa kinachoweza kuvutwa. Mafuta ya taa yasihifadhiwe katika chupa ya soda iliyowekwa chini.

Nyaya, dawa na maji

Umeme wetu ni wa volti 240, na kilebu akiutafuna waya wenye umeme huweza kufa papo hapo au kuungua mdomo na kuanza kushindwa kupumua saa kadhaa baadaye. Pitisha nyaya nyuma ya samani nzito, zikaze ukutani kwa vibanio ambavyo mafundi wa umeme huvitumia, na kebo ya ekstensheni isilazwe sebuleni kama kamba ya kuchezea. Chaja ichomolewe kila baada ya kutumiwa, kwani wengi huacha ncha yake sakafuni ikiwa bado imeunganishwa na soketi.

Dawa za binadamu ziwekwe katika kabati la juu, si katika mkoba unaoachwa juu ya kitanda. Nazitilia mkazo dawa za maumivu za kawaida, yaani parasetamoli, ibuprofeni na diklofenaki, kwa sababu watu wema humpa kilebu anayechechemea nusu kidonge wakidhani wanamsaidia, na nusu hiyo huweza kuliharibu ini, tumbo au figo. Vivyo hivyo dawa ya kuogeshea ng'ombe ili kuua kupe, inayouzwa katika maduka ya agroveti, haifai kumwagiwa kilebu kwa kukisia. Mwombe daktari wa mifugo dawa ya kupe na viroboto inayolingana na umri na uzito wake.

Kisha kuna maji. Kwa kuwa mgao wa maji ni jambo la kawaida katika mitaa mingi, bafu zetu zimejaa ndoo, mapipa na makarai yaliyojazwa mpaka juu. Kilebu akiinama kwenye karai na miguu ikateleza juu ya vigae, kichwa hutangulia na hawezi kujigeuza. Kila chombo cha maji kiwe na kifuniko kizito, mlango wa bafu ufungwe, na karai la kufulia limwagwe kazi inapokwisha. Kwa wenye tangi la chini ya ardhi uani, hakikisha mfuniko wake haujapasuka wala kusogea.

Roshani, ngazi na paa

Usiuamini mwonekano wa vyuma vya roshani. Chukua rula, upime nafasi iliyo kati ya chuma na chuma, kisha upime upana wa kichwa cha kilebu, kwa sababu kichwa kikipita, kifua laini cha mnyama wa wiki nane nacho hupita. Mimi huzungushia wavu wa kuku wenye matundu madogo, unaouzwa kwa mita katika maduka ya vifaa vya ujenzi, kuanzia sakafuni hadi kimo cha kiuno, nikiufunga kwa waya kila baada ya kiganja kimoja na kuikunja ncha yake ya chini ili pua isiuinue. Makopo ya maua na stuli visikae karibu na kingo, maana hugeuka ngazi. Juu ya paa la jengo, tunakoanika nguo, kilebu asipandishwe kabisa mpaka awe mkubwa na amefungwa kamba.

Ngazi za ndani zizibwe kwa kigeti cha mbao. Mafundi seremala walio kando ya Barabara ya Ngong wanaweza kukutengenezea kimoja ukiwaeleza vipimo: urefu wa sentimita 75 kwenda juu na nafasi isiyozidi sentimita 4 kati ya kibao na kibao. Kigeti hicho hicho kitakusaidia kumzuilia katika chumba kimoja, jambo ambalo naliona kuwa la lazima kwa wiki mbili za mwanzo. Kilebu asipewe nyumba nzima. Apewe chumba kimoja kilichokaguliwa hadi pembe ya mwisho, kisha aongezewe kingine kadiri anavyozoea.

Uani

Anayeishi Kabete, Karen, Ruaka au kwingineko kwenye ua wa michongoma au wa kayaba ajue kwamba ua huo humzuia mwizi, ila haumzuii kilebu. Chini kabisa, kwenye mashina, huwa na mianya, na miiba iliyokauka iliyotapakaa chini huchoma nyayo na macho. Uzungushie wavu upande wa ndani, ukiuchimbia ardhini sentimita 20 hivi. Upenyo ulio chini ya geti uzibwe kwa ubao.

Baadhi ya mimea ya bustani ni ya kung'olewa au kuzingirwa. Oleanda ina sumu ya moyo katika kila sehemu yake. Mbegu za mbarika ni hatari kubwa sana zikitafunwa. Mnyaa, ule mmea wa vijiti vya kijani visivyo na majani ambao watu huupanda kuwa ua, hutoa utomvu mweupe unaoweza kupofusha macho. Kile kichaka maarufu cha bustani za Nairobi chenye maua yanayochanua zambarau na kufifia mpaka meupe kwa siku chache kina matunda na mbegu zinazosababisha degedege kwa mbwa. Chembechembe za kuua konokono zinazonyunyizwa kwenye sukumawiki huleta mitetemeko mikali. Mwenye bustani na mwenye mbwa waelewane kabla ya kunyunyiza.

Siafu ni suala la msimu wa mvua, na watu wa mjini hulisahau. Mbwa mkubwa hukimbia, lakini kilebu aliyefungiwa kizimbani au kufungwa kamba hawezi, na siafu humwingia puani na machoni. Kwa sababu hiyo simshauri mtu kumlaza kilebu nje usiku, mvua zinyeshe zisinyeshe. Walio jirani na Hifadhi ya Taifa ya Nairobi wana sababu nyingine, kwani chui hutoka na kuwachukua mbwa.

Gari huua vilebu hata ndani ya geti. Vilebu hulala kwenye kivuli chini ya gari, au nyuma ya gurudumu lililopata joto, na dereva hurudi nyuma akiwa na haraka ya kazini. Wekeni kanuni moja: gari haliwashwi mpaka mtu aseme kwamba amemwona kilebu kwa macho yake.

Udongo na chanjo

Ugonjwa wa parvo, unaoleta kutapika na kuharisha damu, huua vilebu wengi wasiochanjwa, na kirusi chake huweza kudumu ardhini kwa miezi mingi, hata kufikia mwaka na zaidi. Kabla ya kuhamia au kumleta kilebu, muulize mtunza ploti kama mpangaji aliyetangulia alikuwa na mbwa aliyeugua au kufa. Ikiwa ndivyo, sakafu ioshwe kwanza kwa sabuni, kisha ipanguswe kwa dawa ya klorini ya kufulia, kikombe kimoja kwa vikombe 20 vya maji, na kuachwa na unyevu huo kwa dakika 10 kabla ya kusuuzwa. Udongo hauwezi kusafishwa hivyo. Kilebu asikanyage ua huo mpaka chanjo zake zikamilike.

Chanjo ya parvo na magonjwa yanayoandamana nayo huanza akiwa na wiki sita hadi nane, hurudiwa kila baada ya wiki tatu au nne mpaka afikishe wiki 16, na ya kichaa cha mbwa hutolewa akiwa na miezi mitatu hivi. Katika kipindi hicho viatu viachwe mlangoni. Asifungiwe kana kwamba dunia haipo, hata hivyo: mbebe mikononi, mpeleke aone barabara, asikie matatu na pikipiki, kwani wiki hizo ndizo anazojifunza kutoogopa.

Watu wa nyumbani

Hatua zote hizi huvunjika ikiwa mtu mmoja hajaelezwa. Keti na dada anayekusaidia nyumbani, mlinzi wa geti na watoto, uwaonyeshe, si kuwaambia tu, vitu visivyopaswa kuanguka sakafuni. Dada ndiye atakayekuwa na kilebu mchana kutwa, na namba ya daktari wa mifugo iwe kwenye simu yake kama ilivyo kwenye yako. Mlinzi afahamu kwamba geti linafunguliwa kidogo, na mguu ukitangulia kuziba upenyo, hasa mwendesha bodaboda anapoleta mzigo. Watoto wadogo wafundishwe kumbeba wakiwa wameketi chini, kwa sababu kilebu anayejinyonganyonga na kuanguka kutoka mikononi mwa mtoto aliyesimama huweza kuvunjika mguu.

Likitokea la kutokea

Tafuta daktari mapema, aliyesajiliwa na Bodi ya Madaktari wa Mifugo ya Kenya, na ujue anayepokea wagonjwa usiku ni nani. Kitivo cha Tiba ya Mifugo cha Chuo Kikuu cha Nairobi, kule Kabete, kina kliniki ya wanyama wadogo. Mtafute pia dereva wa teksi aliyekubali mapema kubeba mbwa, kwa kuwa wengine hukataa wakifika mlangoni, na dakika zinazopotea hapo hazirudi.

Ukishuku kwamba amekula sumu, mwondoe mahali pale, chukua pakiti au mabaki ya kitu hicho pamoja na matapishi yake kama yapo, kumbuka saa, na umpigie daktari ukiwa njiani. Usimnyweshe maziwa. Imani kwamba maziwa huua sumu imeenea sana, lakini hayaiui. Yanaweza hata kusaidia baadhi ya sumu kuingia mwilini haraka, na huingia mapafuni mwa mnyama anayetetemeka. Wala usimlishe makaa ya jiko yaliyosagwa, kwani siyo ule mkaa maalumu wa kufyonza sumu ambao daktari huutumia. Usimtapishe bila agizo, hasa akiwa amemeza mafuta ya taa au kitu kinachounguza. Akipata degedege usimtie vidole mdomoni. Ondoa vitu vigumu vilivyo karibu, punguza mwanga na kelele, na umwahishe.

Usiku wa kwanza mlaze karibu na kitanda chako, ndani ya kisanduku chenye blanketi kuukuu lisilo na nyuzi zinazochomoka. Ikiwa ni Julai, baridi inaposhuka hadi nyuzi 10 au 12, mwekee chupa ya maji ya moto iliyofungwa ndani ya soksi nene, wala usimwashie jiko la makaa chumbani, maana hewa yake huua watu na mbwa bila harufu. Kisha wiki mbili baadaye piga magoti tena na tochi yako, chumba baada ya chumba, kwa kuwa yule ambaye mlipomleta hakuufikia ukingo wa kochi sasa anapanda juu yake na kuifikia meza.